Fanusi ya Shaba Ndani ya Kompyuta: Kwa Nini Taa Ni Ngumu Kuliko Vyote Kurenda

Mtu akijifunza Blender, programu huria ya kuchora vitu vya pande tatu, kwa bidii, haimchukui muda mrefu kutengeneza kiti kinachofanana na kiti, au sofa ambayo mteja ataiulizia bei. Kwenye taa mambo hugeuka. Umbo linaweza kuwa sahihi mpaka kwenye skrubu, lakini akirenda, yaani kompyuta ikiugeuza mchoro kuwa picha, anapata kitu cheupe kama kimekatwa kwenye karatasi na kubandikwa, ukuta uliopauka, na kivuli kisichoeleweka kimetokea wapi. Wengi huishia kuongeza mwanga, kuupunguza, kisha kuuongeza tena, wakitafuta kwa macho jambo linalopatikana kwa hesabu.

Ugumu wenyewe ni huu: kiti kinapokea mwanga tu. Taa inautoa, inaupokea, inauzuia kwa kofia yake na kuupinda kwa kioo chake, na juu ya hayo yote imo ndani ya picha, tunaitazama ana kwa ana. Ukikosea sehemu moja, jicho linagundua hata kama mtazamaji hawezi kusema kilichokosewa ni nini.

Tuchukue mfano mmoja tukae nao: fanusi ya shaba ya manjano iliyotobolewa matundu ya nakshi na kutiwa vipande vya kioo cha rangi, ya aina ile inayoning'inizwa kwenye kumbi za hoteli za Mji Mkongwe, Unguja. Ndani yake kuna balbu moja. Nimeichagua kwa sababu imebeba matatizo yote kwa pamoja: chuma kinachong'aa, kioo, matundu, chanzo kidogo cha mwanga, na ukuta mweupe wa chokaa unaofichua kila kosa.

Kwanza tujue kompyuta inafanya nini. Katika dunia halisi mwanga hutoka kwenye balbu, ukadunda huku na huko, na sehemu yake ndogo sana ikaingia jichoni. Kompyuta ikiufuata mkondo huo itapoteza karibu kazi yake yote, maana miale mingi haifiki kwenye kamera kamwe. Kwa hiyo inaanza kinyume. Inatuma mwale kutoka kwenye kamera kupitia kila nukta ya picha. Mwale unagonga kitu, unadunda kuelekea upande uliochaguliwa kwa bahati nasibu, unagonga kingine, mpaka ukutane na chanzo cha mwanga au ufikie kikomo cha midundo ulichoweka. Mtafiti wa michoro ya kompyuta James Kajiya aliieleza njia hii mwaka 1986 pamoja na mlinganyo unaoibeba, na injini nyingi za leo za kurenda, ikiwemo Cycles iliyoingia Blender mwaka 2011, bado zinautatua mlinganyo huohuo.

Kwa kuwa ni bahati nasibu, picha ya mwanzo huwa na chenga, zilezile tulizozizoea kwenye televisheni za antena. Kila nukta inahitaji sampuli nyingi, yaani miale mingi ya kujaribu, ili wastani wake utulie, na hapa hesabu haina huruma: ukitaka chenga zipungue kwa nusu, sampuli lazima ziwe mara 4. Aliyekuwa na sampuli 500 atahitaji 2,000. Ndiyo maana "ongeza sampuli" ni ushauri wa gharama kubwa, na kwenye taa mara nyingi hautibu chochote.

Ili isiisubiri bahati, injini hutumia mbinu moja muhimu mno. Kila mwale unapogonga kitu, injini inauliza: kutoka hapa, balbu inaonekana? Inatuma mwale mwingine ulionyooka kuelekea kwenye balbu. Ukifika, mwanga unahesabiwa. Ukizuiwa njiani, pale pana kivuli. Kwa ukuta mtupu na balbu isiyofunikwa, mbinu hii inasafisha picha haraka sana.

Sasa funika balbu kwa kioo. Mwale ule ulionyooka unagonga kioo, na kioo hupinda mwanga, kwa hiyo injini haiwezi kusema kwamba njia iliyonyooka ndiyo njia halisi ya mwanga. Jibu linakuwa "haionekani", na ukuta wote unahesabiwa kuwa kivulini. Njia pekee inayobaki ni mwale uliodunda ovyo kutoka ukutani upenye kioo kwa bahati na kuigonga balbu ndogo iliyo ndani. Hilo hutokea mara chache sana, na likitokea linaleta mwanga mwingi kwa mkupuo kwenye nukta moja. Matokeo yake ni ukuta mweusi uliotapakaa vinukta vyeupe vikali, ambavyo warendaji huviita vimulimuli. Mtu anaongeza sampuli usiku kucha na vimulimuli vinabadilisha mahali tu.

Tiba yake ni ndogo. Kwenye mpangilio wa kioo unaweka sharti: mwale ukiwa ni ule wa kuulizia kivuli, kioo kiwe kitu cha wazi kinachoupitisha bila kuupinda, kikiupaka rangi yake; lakini mwale ukitoka kwenye kamera, kioo kiwe kioo kamili, chenye kupinda na kuakisi. Blender ina kifundo, kisanduku kimoja cha mipangilio, kinachotambua aina ya mwale, na sharti hilo linaunganishwa kwa waya mbili tatu tu. Je, huu ni uongo? Kwa kioo bapa chembamba kama cha fanusi yetu, karibu si uongo kabisa, kwa sababu mwale unaopenya kioo bapa hutoka ukielekea upande uleule ulikokuwa ukielekea, umesogea pembeni kidogo mno. Kwa kioo kinene kilichochongwa, kama vile vito vya taa kubwa za ukumbini, uongo unaonekana: ile mistari mikali ya mwanga uliokusanywa na kioo inapotea ukutani. Hapo unahitaji zana nyingine. Tangu toleo la 3.2 la mwaka 2022, Cycles ina njia ya kukokotoa mwanga unaopindwa na kioo na kukusanyika kwenye kivuli, na LuxCoreRender, nayo programu huria, inaweza kufuata miale kutoka kwenye kamera na kutoka kwenye taa, kisha kuiunganisha katikati.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze juu ya nguvu ya mwanga, eneo ambalo naona watu wengi wanajitesa bure. Wati zilizoandikwa kwenye boksi la balbu ni umeme inaokula. Balbu ya zamani ya uzi ya wati 60 na balbu ya LED ya wati 9 zinatoa mwanga unaokaribiana, takriban lumeni 800 (lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka). Kwenye Blender, wati ni nguvu ya mwanga wenyewe unaotoka, na mwongozo wa programu unapendekeza takriban wati 2 tu kwa balbu ya lumeni 800. Anayeandika 60 kwa kufuata boksi ameweka mwanga mara 30 ya ule alioukusudia, kisha anashangaa kwa nini chumba kimeungua.

Na hesabu yote ya mwanga inategemea umbali halisi. Lumeni 800 zikisambaa sawasawa pande zote zinatoa kama kandela 64, kipimo cha ukali wa mwanga kuelekea upande mmoja. Ukuta ulio mita 1 unapata laksi 64, kipimo cha mwanga unaoangukia uso. Ukiwa mita 2, laksi 16. Mita 3, kama 7. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unabaki robo. Kwa hiyo fanusi ikichorwa kwa kipimo cha kubahatisha, hata ikiwa na umbo zuri, mwanga utaanguka ukutani kwa mteremko usio wake. Chora kwa milimita za kweli: chumba cha kweli, dari ya kimo cha kweli. Ukitumia tufe linalotoa mwanga badala ya taa ya Blender, kumbuka nguvu yake inahesabiwa kwa eneo la uso wake. Ukilikuza nusu-kipenyo mara mbili, mwanga wa chumba unakuwa mara 4 bila wewe kugusa namba yoyote.

Sasa tuipeleke mbele hesabu hiyo, maana inaeleza kwa nini picha za taa huonekana bandia. Balbu ya maziwa, yenye kioo cheupe kinachotawanya mwanga, ikiwa na kipenyo cha sentimita 6 na lumeni 800 ina mng'ao wa uso wa takriban kandela 22,000 kwa kila mita ya mraba. Ukuta mweupe ulio mita 2 kutoka kwake, ukipata laksi zake 16, una mng'ao wa kama 4. Balbu inauzidi ukuta mara 5,000 na zaidi. Skrini nyingi za kawaida zinaweza kuonyesha tofauti ya kama mara 1,000 kati ya nukta angavu kabisa na nyeusi kabisa. Picha yako, basi, haiwezi kuzibeba zote mbili, na jambo la kwanza ambalo mchoraji asiyelijua hili hufanya ni kupunguza nguvu ya balbu mpaka aone umbo lake vizuri. Balbu inapendeza, chumba kinakufa. Kisha anaongeza taa za siri pembeni kukifufua, vivuli vinaelekea kusikoeleweka, na jicho linakataa.

Njia ya haki ni kuiacha balbu katika nguvu yake na kuifanyia kazi hatua ya mwisho, ile inayokunja mwanga mwingi uingie kwenye skrini ndogo. Blender ya zamani ilikata tu: chochote kilichozidi kiwango kikawa cheupe, na rangi ya machungwa ya balbu ikageuka njano kali pembezoni kabla ya kupotea. Filmic, mpangilio wa kukunja mwanga ulioingia rasmi mwaka 2017 na toleo la 2.79, ilianza kuukunja mwanga taratibu kama filamu ya kamera ifanyavyo. AgX, ambayo ndiyo chaguo la kuanzia tangu toleo la 4.0 la mwaka 2023, inafanya vizuri zaidi kwa rangi kali: kioo chekundu cha fanusi kinapozidiwa na mwanga kinapauka hatua kwa hatua kuelekea nyeupe, kama tunavyoona kwenye picha ya kamera. Mtu anayerenda taa na bado anatumia mpangilio wa zamani wa kukata anajinyima nusu ya uhalisia.

Hapa pia ndipo unapoielewa kazi ya kofia ya taa. Kofia ya kitambaa yenye kipenyo cha sentimita 30 na kimo cha 20, ikipitisha nusu ya mwanga wa balbu yetu kwa usawa, uso wake una mng'ao wa kama kandela 700 kwa mita ya mraba. Mwanga uleule umetandazwa kwenye eneo kubwa, na tofauti kati ya taa na ukuta imeshuka mpaka kiwango ambacho jicho na skrini vinaweza kuvumilia. Kitambaa hicho usikipe sifa ya kioo. Kipe sifa ya kitu kinachopitisha mwanga huku kikiutawanya, na ukiache kiwe angavu zaidi karibu na balbu.

Turudi kwenye fanusi, kwenye lile ambalo wateja huliulizia kwanza: nakshi za mwanga ukutani. Karibu kila mtu anadhani zinatokana na matundu. Zinatokana na matundu, ndiyo, lakini ukubwa wa balbu ndio unaoamua kama zitaonekana. Chukua fanusi yenye matundu ya milimita 8, yaliyoachana milimita 20 kutoka kitovu hadi kitovu, yakiwa sentimita 10 kutoka kwenye balbu, na ukuta mita 2 mbele yake. Kutoka kwenye balbu hadi ukutani ni mara 21 ya umbali wa kutoka balbu hadi tundu, kwa hiyo kila tundu linakuzwa mara 21: alama yake ukutani ina upana wa kama sentimita 17, na vitovu vya alama vinaachana sentimita 42. Mpaka hapo ni safi.

Lakini chanzo nacho kina upana, na upana huo unaleta ukungu kwenye ukingo wa alama. Ukungu ni upana wa chanzo ukizidishwa kwa mara 20, yaani umbali wa tundu hadi ukuta ukigawanywa kwa umbali wa balbu hadi tundu. Chanzo cha milimita 3 kinatoa ukungu wa sentimita 6: alama inabaki alama, yenye ukingo laini. Balbu ya maziwa ya milimita 60 inatoa ukungu wa sentimita 120. Alama zinazoachana sentimita 42, kila moja ikiwa na ukungu wa zaidi ya mita, zinayeyukiana kabisa, na ukuta unabaki na mwanga wa jumla usio na nakshi yoyote. Fanusi ni ileile, shaba ileile, matundu yaleyale.

Kuna jambo zuri zaidi. Tundu likiwa dogo kuliko chanzo, alama iliyoko ukutani huacha kuwa umbo la tundu na kuwa umbo la chanzo. Kila tundu linageuka kamera ndogo isiyo na lenzi inayopiga picha ya balbu. Kwa balbu angavu yenye uzi mrefu unaoonekana, ukutani utapata vistari vilivyolala kama uzi ulivyolala, hata kama matundu yalikatwa kwa umbo la nyota. Kwa hiyo kwenye Blender nusu-kipenyo cha taa si kipambo. Kwa mfano wetu kiandike milimita 1.5 au 30 kulingana na balbu itakayowekwa kweli. Balbu yenye nyuzi usiiwakilishe kwa nukta. Chora nyuzi zenyewe, nyembamba, zitoe mwanga. Na mteja akitaka nakshi kali, mwambie mapema kwamba balbu ya maziwa haitamfaa, au aongeze kipenyo cha fanusi, maana tundu likisogea mbali na balbu ukungu hupungua.

Shaba yenyewe haina rangi ya uso kwa maana ya rangi ya ukuta. Metali inarudisha mwanga na kuutia rangi katika kuurudisha, basi. Kwa hiyo fanusi ya shaba isiyo na kitu cha kuakisi itakuwa nyeusi hata ukiipaka dhahabu. Ipe chumba kilichojaa: dirisha, zulia, mlango. Ndani ya fanusi mwanga unadunda kutoka shaba hadi shaba, na kila mdundo unaongeza umanjano, ndiyo maana ndani ya fanusi halisi huonekana kuwa na wekundu wa joto kuliko nje. Cycles huanza na kikomo cha midundo 4 kwa nyuso zinazong'aa. Kwa fanusi ni kidogo. Panda hadi 8 au 12 uone ndani kunavyowaka. Halafu punguza usafi. Shaba hufanya weusi pembezoni mwa matundu ambako kitambaa cha kung'arishia hakifiki, na hung'aa pale vidole vinapoishika kila siku, kwenye mlango mdogo wa kubadilishia balbu.

Kioo cha rangi kina mtego wake. Ukikipa kioo rangi kwenye uso, mwanga unapakwa rangi unapoingia na tena unapotoka, kwa hiyo bluu uliyochagua inajizidisha na kuwa nzito kuliko ulivyotaka. Ama chagua rangi nyepesi, ama tia rangi ndani ya ujazo wa kioo, ambako unene ndio unaoamua: kioo kinachopitisha nusu ya mwanga kwa milimita 2 kitapitisha robo kwa milimita 4. Usisahau kwamba kila uso wa kioo cha kawaida unarudisha kama asilimia 4 ya mwanga unaokigonga moja kwa moja, na zaidi sana ukija kwa mshazari. Ule mng'ao mdogo wa pembeni ndio unaomwambia mtazamaji kwamba pale pana kioo.

Kwa taa za kiwandani, zile za kuzamishwa kwenye dari ya jipsamu, kuna njia ya mkato nzuri. Watengenezaji wengi hutoa faili la IES, maandishi matupu yanayoorodhesha kandela kwa kila pembe kama zilivyopimwa maabara. Blender inalisoma, na ukutani linachora ile kuba ya mwanga ambayo ni vigumu kuibuni kwa mkono. Ila faili hilo linaichukulia taa kama nukta inayotazamwa kwa mbali. Halijui matundu wala kioo kilicho sentimita 10 kutoka kwenye balbu, kwa hiyo kwa fanusi halina msaada.

Rangi ya mwanga wenyewe ni rahisi kuliko inavyosemwa. Kwa kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, mshumaa uko karibu na 1,900, balbu ya uzi 2,700, mwanga wa mchana kati ya 5,500 na 6,500. Andika namba badala ya kuchagua machungwa kwa macho, kisha rekebisha weupe wa kamera uangukie kati ya balbu na dirisha, na saa ya machweo itatokea yenyewe bila kupakwa.

Yaliyobaki ni ya useremala wa umbo. Hakuna ukingo wa shaba ulio mkali kama wembe. Viringisha kila pembe kwa nusu milimita ili ipate mstari wa mng'ao. Chora holda, ya kusokota yenye milimita 27 au ya pini yenye 22, maana inaonekana kupitia matundu na inatupa kivuli juu. Mnyororo ubebe uzito, waya usokotwe ndani yake ukilegea kidogo.

Ukifika mwisho, usikimbilie kifuta chenga. Kile cha Intel kimo ndani ya Blender tangu mwaka 2019 na kinafanya kazi nzuri mno, lakini kikipewa sampuli chache hakiwezi kutofautisha chenga na nakshi ndogo za mwanga, kikazifuta zote. Zima taa nyingine zote za chumba, acha fanusi peke yake, renda picha ndogo bila kukitumia, upime ukuta ulio mkabala nayo. Kama vitovu vya alama haviachani sentimita 42, kuna kipimo kimekosewa mahali, na ni nafuu kukitafuta sasa kuliko baada ya fundi kuanza kukata shaba.